Usimamizi wa teknolojia ya kijiografia katika EPA
Usimamizi wa teknolojia ya kijiografia katika Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA) ni utaratibu wa kupanga na kuongoza matumizi ya ramani za kompyuta, picha za setilaiti na data za mahali. EPA, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina ofisi 10 za kanda. Bila viwango vya pamoja kati ya ofisi hizo, kiwanda kimoja huweza kuandikwa kwa majina na majiranukta tofauti. Daftari la pamoja la viwanda na vituo vingine huunganisha kumbukumbu hizo tofauti za kituo kimoja. Amri Na. 12906 ya Rais Bill Clinton, ya Aprili 1994, ilizitaka taasisi za serikali kuu, EPA ikiwemo, zieleze data zao mpya za mahali kwa kiwango kimoja na kuepuka kukusanya upya data zilizokwishapatikana.