Ya Nini Picha ya Jino?

Majirani zangu wa Keko huniuliza: jino linauma waziwazi, ya nini kulipia na picha? Swali la haki, maana hela yenyewe ni ya kutafuta. Lakini gego la mwisho lina ujanja wake. Langu halikuonekana kabisa kinywani. Picha ya eksirei ndiyo iliyolifichua, limelala ubavu ndani ya taya, likimsukuma mwenzake, mizizi imekaribia njia ya neva ya mdomo wa chini. Neva hiyo ikijeruhiwa, mdomo hufa ganzi, pengine daima. Seremala mmoja wa mtaani kwetu alipoiona picha alielewa papo hapo: usipojua msumari uliomo kwenye mbao umelalaje, hupigi randa.

Röntgen aliigundua miali hiyo Novemba 1895. Januari 1896 Mjerumani mwenzake, Otto Walkhoff, alipiga picha ya meno yake mwenyewe, akavumilia dakika 25. Huko New Orleans, Edmund Kells, aliyeanza mwaka huohuo, alizoea kupima mitambo yake kwa kuweka mkono mbele ya miali. Saratani ikamwingia. Alikatwa vidole, kisha mkono. Alifariki mwaka 1928.