Mafundi Saa na Dawa za Siri katika Makoloni ya Uingereza, Karne ya 19

Katika Sydney, Melbourne na Cape Town za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), saa ya mfukoni na chupa ya dawa zilikuwa bidhaa za aina moja kwa mnunuzi. Zote zilitoka ng'ambo, zote zilifika zimefungwa, na hakuna mteja wa kawaida aliyeweza kukadiria kilichomo ndani. Alitegemea jina la muuzaji na alama ya serikali. Wanahistoria wengi huzitenganisha biashara hizi: ya kwanza huwekwa katika historia ya ufundi, ya pili katika historia ya utapeli. Utengano huo unapotosha. Alama rasmi ilithibitisha ganda katika bidhaa zote mbili, na kilichoipa saa heshima ambayo dawa haikuipata ni kwamba mwenye saa alikuwa na kipimo nje ya duka, mgonjwa hakuwa nacho.

Saa ya fedha iliyofika Melbourne baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1851 ilikuwa imepita mikono mingi. Kwa kawaida mashine ghafi ilitoka Prescot, Lancashire, ikamaliziwa Coventry, Liverpool au mtaa wa Clerkenwell jijini London, kisha ikachorwa jina la mwenye duka kolonini, ambaye mara nyingi hakuwa amechonga hata gurudumu moja. Ukifungua mfuniko wa nyuma ungekuta safu ya chapa ndogo zilizogongwa kwenye fedha: simba anayetembea, alama ya mji ilikopimwa, herufi ya mwaka na herufi za jina la mtengeneza kasha. Chapa hizo zilikuwa na nguvu ya sheria. Zilihakikisha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Kuhusu mashine hazikusema lolote. Wafanyabiashara walilijua pengo hilo na wakalitumia, wakitia mashine za Uswisi ndani ya makasha yenye chapa za Kiingereza. Ndiyo maana Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1887 ilitenga vifungu vya saa peke yake: aliyepeleka kasha kugongwa chapa alitakiwa kutamka limetengenezwa nchi gani, na makasha ya kigeni yakapewa chapa tofauti.

Hata hivyo, udanganyifu wa saa haukuweza kwenda mbali. Huko Cape Town kuanzia 1836, Williamstown karibu na Melbourne kuanzia 1853, na Sydney kuanzia 1858, tufe kubwa lilishushwa mlingotini kwa saa maalumu ili manahodha warekebishe saa zao za baharini, na yeyote aliyesimama mahali pa kuliona aliweza kufanya vivyo hivyo. Saa iliyochelewa dakika kumi kwa siku ilijishtaki yenyewe. Ilirudishwa dukani, na hapo mwenye duka alilazimika kuifungua, jambo ambalo muuza dawa hakuwahi kulazimika kulifanya. Kuanzia miaka ya 1880 kituo cha Kew nchini Uingereza kilienda mbali zaidi: kilipima mwendo wa saa zikiwa zimesimamishwa na kulazwa, katika baridi na katika joto, kisha kikatoa cheti. Sasa cheti kilihusu mashine.

Dawa hazikuwa na tufe la kushuka. Ziliitwa dawa za hataza, ingawa nyingi hazikuwa na hataza, kwa kuwa kuiomba kungemlazimu mwenye dawa kuitangaza kanuni yake. Zilichokuwa nacho Uingereza ni stempu ya ushuru, iliyobandikwa kwenye kila chupa au kijisanduku tangu 1783. Ilithibitisha kwamba kodi imelipwa, basi. Lakini matangazo ya klorodaini ya John Collis Browne, daktari wa jeshi aliyehudumu India, yaliwaonya wasomaji hadi katika magazeti ya Australia kwamba si halisi ile isiyo na jina lake kwenye stempu ya serikali. Risiti ya kodi ikageuzwa hati ya ubora. Vidonge vya Thomas Beecham wa St Helens (maili chache tu kutoka Prescot, kwa bahati) vilinadiwa kuwa vina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipovichunguza katika kitabu chake cha 1909 kilikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Malighafi ya kisanduku cha vidonge 56, kilichouzwa peni 13 na nusu, iligharimu takriban sehemu ya nane ya peni.

Mtu anaweza kupinga kwamba wanunuzi walikuwa na kipimo chao, nacho ni mwili: klorodaini ilituliza maumivu na kufunga kuhara. Ni kweli. Ilikuwa na afyuni, kloroformu na bangi, na ingekuwa ajabu kama isingetuliza kitu. Ila hoja hii inaimarisha dai letu. Nafuu iliyohisiwa ilikuwa ushahidi wa afyuni, haikuwa ushahidi wa tiba, na mteja asiyejua kilichomo hakuweza kuutenga uponyaji na ulevi wala kujua ni kwa nini kesho yake anaitamani tena. Zaidi ya hapo, magonjwa mengi hupona yenyewe, na sifa huenda kwa chupa iliyokuwa mezani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba madaktari wenyewe hawakuwa bora sana, na wafugaji walioishi mbali na mji hawakuwa na daktari wa kumchagua. Hili lazima likubaliwe. Vidonge ambavyo daktari mmisionari David Livingstone alivitumia kwa homa kwenye Zambezi vilichanganya kwinini na kalomeli, ambayo ina zebaki. Tofauti ni kwamba Livingstone aliitangaza kanuni yake. Aliyekuja nyuma aliweza kuiacha zebaki na kubaki na kwinini, kwani kosa lililoandikwa hurekebishika. Kanuni iliyofichwa haikumpa mpinzani pa kuishika, hata ilipokuwa na kitu kizuri ndani yake.

Kwa hiyo marekebisho ya dawa yalitoka maabarani na bungeni, kwa sababu soko halikuwa na njia ya kuyaleta. Australia ilianza mapema: sheria ya 1905 ya maelezo ya bidhaa iligusa dawa zilizoingizwa nchini, na mwaka 1907 Octavius Beale, mtengeneza piano wa Sydney, akawasilisha ripoti ya tume yake kuhusu dawa za siri. Uingereza, ambayo hazina yake ilikuwa ikivuna ushuru wa stempu, haikuwalazimisha wauzaji kuandika viambato kwenye lebo hadi 1941, mwaka uleule ilipoufuta ushuru huo.