Keringet

Keringet ni mji wa wakulima katika eneo bunge la Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, Kenya. Uko kwenye nyanda za juu za Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika barabara ya kutoka Molo kwenda Olenguruone. Keringet ni jina la wadi pia, pamoja na Amalo, Kiptagich na Tinet.

Historia

Wenyeji wa kale ni Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau. Wakoloni walipoingia, ardhi nzuri ya pande za Molo ilitengewa walowezi. Olenguruone, mji jirani, ndiko serikali ilikowapa mashamba Wakikuyu mnamo 1941, baada ya kuwaondoa katika ardhi ya Wamaasai. Walipotakiwa kutia sahihi masharti makali ya kilimo, yaliyowafanya kuwa wapangaji tu, walikataa kishujaa na kula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, eneo kame. Kiapo chao kilitangulia kile cha vuguvugu la Mau Mau.

Baada ya uhuru ardhi iligawanywa kwa wakulima wadogo, wengi wao Wakipsigis. Ghasia za uchaguzi za 1992, 1997 na 2007–2008 ziliikumba Kuresoi vikali; nyumba zilichomwa na familia nyingi zikahama. Kuresoi iligawanywa kuwa maeneo bunge mawili kabla ya uchaguzi wa 2013.

Uchumi

Zao kuu ni viazi, hasa aina ya shangi. Wakati wa mavuno magunia hupangwa kando ya barabara yakisubiri malori. Mkulima huumizwa na lumbesa, gunia linaloongezwa kichwa cha kamba na kulipwa bei ya gunia la kawaida, ingawa sheria inataka mfuko usiozidi kilo 50. Pia kuna maziwa, pareto, na chai upande wa Kiptagich.

Maji

Maji ya chupa ya Keringet yanajulikana Kenya nzima. Kampuni iliyoyatengeneza, Crown Foods, ilinunuliwa na SABMiller mwaka 2010.

Riadha

Mwanariadha Faith Kipyegon alisoma katika shule ya Winners Girls, Keringet. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris. Julai 2025, huko Eugene, Marekani, aliboresha rekodi yake ya dunia hadi dakika 3:48.68.