Soko la Mifugo la Msimu wa Sikukuu (Kaskazini Mashariki mwa Kenya)

Eldas, mji na eneo bunge katika Kaunti ya Wajir, hauna soko la Krismasi kama lile la Dresden nchini Ujerumani, lililoanza mwaka 1434. Wakazi wake wengi ni Waislamu wafugaji. Hata hivyo, soko la wazi la sikukuu lipo katika ukanda huu, na bidhaa yake ni mifugo. Garissa, kando ya Mto Tana, ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Ng'ombe huletwa kwa miguu, wengine kutoka Somalia, madalali huwakutanisha wauzaji na wanunuzi, kisha malori huelekea Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo Krismasi ya mijini hufika malishoni kama bei, sambamba na Idi. Mwaka 2007 Idi ya kuchinja iliangukia takriban tarehe 20 Desemba, na mahitaji hayo mawili yakakutana.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mfugaji huuza kwa sababu ya ukame au karo ya Januari, wala si sikukuu. Ni kweli kwa sehemu: ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulidhoofisha mifugo, na mnyama aliyekonda hapati bei nzuri hata mkesha wa Idi. Lakini hoja hiyo inaeleza kinachomsukuma muuzaji tu. Mnunuzi huitwa na kalenda, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, mfugaji mwenye subira humngojea.