Kubadilisha kipande cha programu bila kuizima yote

Taa ya pikipiki ikiungua pale Kasuku, makanika hafungui injini nzima. Anatoa balbu, anatia ingine, motari anaendelea na safari. Wenye kutengeneza programu za ordinatere nao walitafuta njia kama hiyo. Hapa Kindu, ambako wengi wanafanya kazi kwa umeme wa jenereta ao wa jua, njia hiyo inapunguza gharama.

Programu kubwa ina vipande vingi. Zamani, ukibadilisha mstari mmoja tu, ulilazimika kuzima seva, kuunganisha vyote upya, kuwasha, kisha kungoja. Tuseme unangoja dakika 3, na kwa siku unajaribu mara 40. Masaa 2 yamekwisha, mafuta nayo.

Mfano tunao kwa jirani. OpenMRS, programu ya kutunza fishi za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 na taasisi ya Regenstrief ya Marekani pamoja na Partners In Health. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH unaotunza wagonjwa wa Ukimwi. Imeandikwa kwa lugha ya Java na imegawanywa katika moduli. Msimamizi anaweza kuingiza moduli mpya bila kuzima seva. Lakini tusidanganyane: ndani yake programu inapanga tena viungo vyake, na hiyo nayo inakula muda. Ndiyo sababu watengenezaji wake wana kifaa kingine chenye amri inayoitwa watch. Inachunga moduli unayoifanyia kazi, na ukibadilisha kitu, kinaingia mule mule programu ikiwa inatembea.

Java yenyewe, tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, inakubali ubadilishe maagizo yaliyo ndani ya metodi wakati programu inatembea. Kuongeza metodi mpya, hapana: hapo utawasha upya, ao utafute kifaa cha ziada.

Kuna na hatari moja ambayo vijana wengi wanaisahau. Kipande kipya kikiingia, cha zamani kinapaswa kutoka. Kama sehemu moja ya programu bado inakishikilia, hakitoki. Ukirudia mara nyingi memori inajaa polepole, siku moja seva inaanguka.

Kwa hiyo fanya hivyo kwenye mashini yako mwenyewe. Kwenye seva ya hospitali, ambako muuguzi anaandika dawa za mgonjwa, ngoja saa ambayo kazi ni kidogo, weka kopi ya data pembeni, zima, kisha washa upya kabisa. Na hata kwako nyumbani, ukiona kosa usilolielewa baada ya kubadilisha mara nyingi, washa upya kwanza mbele ya kuanza kutafuta. Mara nyingi ni kile kipande cha zamani ndicho kimebaki ndani.