Tembe la Kwihara na Wageni Wake

Msafiri atokaye Usoke, akaifuata reli hata Tabora ili kulizuru tembe la Kwihara, kusini magharibi ya mji huo, yampasa kujua kwanza anakwenda kutazama nini. Katika jumba la Louvre, mjini Paris, umati husongamana mbele ya picha moja, ile ya Mona Lisa, na kuzipita nyingi nyinginezo. Kwihara hakuna msongamano huo, lakini kosa ni lile lile: wengi huuliza jina moja tu.

Livingstone alifika hapo pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi, mzee yule alibaki, asiweze kuendelea na safari hata walipowasili wapagazi kutoka pwani mwezi wa Agosti. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliupitisha mwili wake Kwihara, wakiupeleka pwani.

Basi aingiaye mlango ule wa nakshi na aulize pia habari za waliobeba. Pasipo mabega yao mgeni yule asingalifika, wala mwili wake usingalirudi kwao.