Kodi Ilipotoka Kichwani

Je, mnyonge anayehangaika na bei za vitu husaidika kodi ikipunguzwa? Mimi, ndugu msomaji, huuliza kwanza: kodi ipi?

Wajerumani walianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1898. Waingereza wakaongeza ya kichwa. Serikali yetu iliifuta mwaka 1969, lakini halmashauri ziliporudishwa mwaka 1984 ikarejea kwa jina la kodi ya maendeleo. Kila mtu mzima alidaiwa, awe mwenye duka au mwanika dagaa. Hapa Pasiansi wanaume walikuwa wakiwaona mgambo alfajiri hutokomea, na aliyejificha hapati kibarua siku hiyo. Basi ilikula fedha na ikala siku pia.

Ilifutwa Juni 2003. Unga haukushuka bei kwa ajili hiyo, na Hazina ikabidi izifidie halmashauri kwa ruzuku. Hata hivyo mvuvi alikwenda mwaloni bila kutazama nyuma. Nafuu hiyo niliiona kwa macho yangu.

Linganisha na tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Watu walilalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hesabu hii ni ya shule ya msingi: aliyetozwa 10,000 aliokoa shilingi 3,000, na aliyetozwa 10 akaokoa shilingi 3.